Nani Aandikwe Baba, Nani Aandikwe Mama?

Kila mpiganaji anayeingia jeshini hukutana na fomu kabla hajakabidhiwa bunduki. Katika fomu hiyo pana mahali pa jina la baba, mahali pa jina la mama, na chini yake pana nafasi ya majina ya wale wanaomtegemea: mke au mume, watoto, na yule atakayearifiwa endapo mwenyewe atapatwa na la kumpata. Kijana mwenye haraka ya kuvaa sare huijaza fomu hiyo kwa dakika chache, wala haifikirii tena. Lakini siku atakapoanguka, karatasi hiyo ndiyo itakayosema badala yake.

Sisi tuliokabidhiwa kazi ya uhusiano jeshini tumeliona jambo hili kwa macho yetu. Koplo mmoja alifariki akiwa kazini, akaacha mtoto wa kike wa miaka 9. Mama mzazi wa mtoto huyo alikuwa amekwisha kufa zamani, naye mtoto alilelewa na dada wa marehemu tangu akinyonya. Wakati wa kumwandikisha shule, shangazi yule aliandikwa kuwa ndiye mama, kwa maana mtoto hakumjua mama mwingine wala hakumwita shangazi kwa jina jingine. Basi karatasi za shule zikasema hivi, za kambi zikasema vile, na cheti cha kuzaliwa kikasema neno la tatu. Ofisi moja iliyohusika ikaona huo ni udanganyifu. Kwa miezi 11 mtoto alikosa haki yake, si kwa sababu hakuwa mtoto wa askari, bali kwa sababu watu wazima walikuwa hawajaafikiana neno "mama" lina maana gani linapoandikwa kwa wino.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa kuwa swali lilo hilo, katika sura iliyo ngeni kwa wengi wetu, limezishughulisha mahakama kubwa za Ulaya na za Afrika kwa miaka mingi sasa. Ni swali la wazazi waliobadili jinsia. Mtu aliyezaa akiwa kisheria ni mwanamume, cheti cha mtoto wake kimwite baba au mama? Na mtu aliyekuwa baba wa watoto wawili, kisha akatambuliwa na sheria kuwa mwanamke, je, anapoteza watoto?

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni ya huko kwao, sisi yatuhusu nini?" Twamwomba avumilie. Askari polisi anayesimama mpakani au katika uwanja wa ndege wa Entebbe hukagua hati za watu wa mataifa yote. Mwanajeshi anayetumwa katika kikosi cha kulinda amani hufanya kazi bega kwa bega na watu ambao sheria zao za nyumbani si kama zetu. Tena, anayejifunza namna wengine walivyolifungua fundo gumu hujifunza pia kuyatazama upya mafundo yake mwenyewe.

TUSICHANGANYE MAMBO

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba anayetaka kusoma ramani hana budi kwanza kuzijua alama zake. Basi na tuzieleze alama.

Tunaposema mtu aliyebadili jinsia, tunamaanisha mtu aliyeandikwa mwanamke siku aliyozaliwa, kisha akaishi na kujijua kuwa mwanamume, au kinyume chake. Katika baadhi ya nchi, mtu huyo anaweza kupeleka maombi mbele ya chombo cha sheria, akapewa hati ya kumtambua katika jinsia yake mpya.

Huyo si sawa na huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayasemi waziwazi kuwa ni ya kiume au ya kike. Habari za huntha wazee wetu walizijua, na vitabu vya sheria ya Kiislamu vilimtengea hesabu yake katika mirathi tangu karne nyingi zilizopita. Jirani zetu wa Kenya waliwahesabu watu hao kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 2019, wakapata watu 1,524, na Sheria yao ya Watoto ya mwaka 2022 inawataja watoto wa namna hiyo na kuwalinda. Hapa Uganda, Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 inaruhusu daftari lirekebishwe endapo mtoto aliyezaliwa na jinsi mbili amefanyiwa upasuaji, daktari akathibitisha, na mzazi au mlezi wake akaomba. Sheria hiyo haikuweka kwa mtu mzima njia kama zile za Ulaya tutakazozieleza.

Vilevile, kubadili jinsia si jambo moja na swali la nani ampenda nani. Hayo yana sheria zake na mabishano yake, nayo siyo mada yetu leo. Mada yetu ni mtoto, mzazi wake, na karatasi iliyo kati yao.

KESI YA LONDON

Kesi iliyojulikana kuliko zote ni ya mwandishi wa habari wa Uingereza, Freddy McConnell. Alizaliwa na kuandikwa mwanamke. Mwezi wa Aprili, 2017 alipewa hati ya kutambuliwa kisheria kuwa mwanamume, chini ya Sheria ya Kutambua Jinsia ya mwaka 2004. Hakuwa ameondolewa viungo vya uzazi. Kwa msaada wa kliniki yenye leseni alipata mimba kwa mbegu za mfadhili, na mwezi wa Januari, 2018 akajifungua salama.

Alipokwenda kumwandikisha mtoto, ofisi ya usajili ilimwambia kwamba hana budi kuandikwa mama, ingawa angeweza kulitumia jina lake la kiume. Yeye akajibu: "Hati ya serikali yasema mimi ni mwanamume kwa mambo yote. Mwanamume mwenye mtoto ni baba. Niandikeni baba, au angalau mzazi." Ndiyo maana ya hoja yake, ijapokuwa mawakili waliinena kwa maneno marefu zaidi.

Hukumu ilitolewa tarehe 25 Septemba, 2019 na Sir Andrew McFarlane, Rais wa Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu. Alisema kwamba katika sheria ya Uingereza mama ni yule aliyebeba mimba na kuzaa. Neno hilo halitaji jinsia ya mtu, bali lataja kazi aliyoifanya katika kumleta mtoto duniani. Kwa hiyo, alisema jaji, inawezekana mtu awe mwanamume kisheria na papo hapo awe mama wa mtoto wake. Mahakama ya Rufani ikaikubali hukumu hiyo tarehe 29 Aprili, 2020, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikakataa kuisikiliza rufani nyingine.

Ni vema tuzitazame sababu za majaji, maana ndizo zenye mafunzo. Sheria ile ya mwaka 2004, katika kifungu cha 9, inasema mwenye hati atahesabiwa kuwa wa jinsia yake mpya kwa mambo yote. Lakini kifungu cha 12 kinasema kupata hati hakubadili hali ya mtu ya kuwa baba au mama wa mtoto. Waliosoma kifungu hicho waliulizana: je, kinahusu watoto waliozaliwa kabla ya hati tu, au hata waliozaliwa baadaye? Majaji walisema kinahusu wote.

Sababu ya pili ilikuwa na uzito zaidi. Sheria ya Watoto ya Uingereza ya mwaka 1989 humpa mama dhamana ya malezi tangu dakika ile mtoto anapotoka tumboni, bila ya yeye kuomba wala kungoja cheti. Baba asiyefunga ndoa na mama huipata dhamana hiyo kwa njia nyingine. Basi ikiwa aliyezaa hataitwa mama, nani atakuwa na mamlaka ya kumruhusu daktari amtibu mtoto usiku ule ule? Mahakama ya Rufani iliogopa kumwacha kichanga bila mtu mwenye dhamana, hata kwa saa moja.

Twaona hapa majaji hawakumdharau mzazi. Walikiri kwamba kuandikwa mama kunaingilia maisha yake ya faragha. Walisema tu kwamba uingiliaji huo unavumilika, kwa kuwa unahifadhi utaratibu ambao kwao kila mtoto hujua aliyemzaa. Tena wakakumbusha kwamba nchi hiyo inatoa cheti kifupi kisichotaja wazazi kabisa. Kama sheria inataka kubadilishwa, walisema, hiyo ni kazi ya Bunge.

NENO LETU "MZAZI"

Kwa sisi tunaotumia Kiswahili kazini, kesi hiyo ina jambo la kutafakari. Lugha yetu haimtengi mume na mke katika nafsi ya tatu: "amekuja" ni yeye yeyote. Lakini inapofika kwa baba na mama, Kiswahili hutenga kama lugha nyingine nyingi. Hata hivyo, tunalo neno "mzazi", nalo lina maana mbili. Kwa maana moja ni baba au mama. Kwa maana nyingine ni yule hasa aliyetoka kujifungua. Ndiyo sababu hospitali zina wodi ya wazazi, na humo hakulazwi akina baba.

Kadhalika, jamaa zetu hawakukubali kamwe kwamba baba na mama ni mtu mmoja mmoja tu. Tunaye baba mkubwa na baba mdogo, tunaye mama mkubwa na mama mdogo, tunaye mama wa kambo. Mtoto akipotea njia, yeyote kati ya hao ana haki ya kumkemea; akifiwa, yeyote kati yao ana wajibu wa kumtwaa. Wazee walipokwisha kusema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema pia kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hizo mbili hazigombani. Ya kwanza yahusu aliyebeba mimba, na ya pili yahusu aliyebeba mzigo.

STRASBOURG YAULIZWA

Kabla ya kesi ya McConnell, swali hili lilikuwa limekwisha kufika katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg, Ufaransa. Tarehe 22 Aprili, 1997 mahakama hiyo iliamua kesi ya familia moja ya Uingereza ambayo katika hukumu inaitwa kwa herufi X, Y na Z. Bwana X alikuwa amebadili jinsia kutoka ya kike. Mwenzake Y alizaa mtoto Z mwaka 1992 kwa mbegu za mfadhili, na X alitaka aandikwe baba. Serikali ikakataa. Mahakama ilikubali kwamba watatu hao waliishi kama familia ya kweli. Lakini ilisema kuwa nchi za Ulaya zilikuwa bado hazijaafikiana, na kwa hiyo Uingereza haikuvunja mkataba. Miaka mitano baadaye, tarehe 11 Julai, 2002, mahakama hiyo hiyo iliihukumu Uingereza kwa kutowatambua kabisa watu waliobadili jinsia, na hukumu hiyo ndiyo iliyozaa ile Sheria ya mwaka 2004.

Kisha zikaja kesi za Ujerumani. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1980 ilimtaka mtu asiwe tena na uwezo wa kuzaa kabla ya kutambuliwa katika jinsia mpya. Mwezi wa Januari, 2011 Mahakama ya Katiba ya huko ikalitengua sharti hilo, ikisema kwamba serikali haiwezi kumdai mtu atoe mwili wake ili apewe karatasi. Kufunguliwa kwa mlango huo kulileta swali lililokuwa likingoja nje: mwanamume mmoja akajifungua mwaka 2013, akaomba aandikwe baba. Mwanamke mwingine, ambaye mbegu zake za zamani ndizo zilizompa mimba mwenzake, akaomba aandikwe mama. Wote wawili walikataliwa na mahakama za Ujerumani. Tarehe 4 Aprili, 2023 Strasbourg ikasema kuwa Ujerumani haikukosea, kwa kuwa haki ya mtoto ya kujua asili yake, na uthabiti wa daftari la uzazi, ni mambo yenye uzito. Na kwa kuwa nchi nyingi za Ulaya bado humwita mama yule aliyezaa.

Lakini nchi nyingine zilichagua njia nyingine. Nchini Sweden, tangu tarehe 1 Januari, 2019, sheria inasema mwanamume aliyejifungua ni baba wa mtoto. Nayo Ujerumani, kwa sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba, 2024, imewafungulia wazazi wa namna hiyo nafasi ya kuandikwa "mzazi" badala ya baba au mama. Mtoto wa Stockholm na mtoto wa London, waliozaliwa kwa hali ile ile, wana vyeti vinavyosema maneno tofauti; lakini kila mmoja analo jina, analo daftari, na analo mtu anayewajibika kwake. Hilo ndilo tulilopenda msomaji alishike.

KUMTENGA MZAZI NA MWANAWE

Jina katika cheti ni jambo zito, lakini liko lililo zito zaidi, nalo ni kumwondoa mtoto mikononi mwa mzazi. Hapa tuna kesi mbili ambazo ni vizuri kuziweka pamoja, maana kwa juu zafanana, na ndani zimeachana.

Ya kwanza ni ya Hispania, iliyoamuliwa Strasbourg tarehe 30 Novemba, 2010. Mzazi mmoja aliyekuwa baba alianza kubadili jinsia baada ya kutengana na mkewe. Mahakama za Hispania zilipunguza muda wake wa kuonana na mwanawe mdogo, zikapanga uongezwe hatua kwa hatua. Strasbourg ilikubali, kwa kuwa wataalamu walikuwa wamemchunguza mzazi na mtoto, wakaona kwamba wakati ule mzazi hakuwa na utulivu wa moyo ambao ungeweza kumtikisa mtoto. Sababu ilikuwa hali yake ya wakati huo, siyo jinsia yake. Na mlango haukufungwa.

Ya pili ni ya Urusi, iliyoamuliwa tarehe 6 Julai, 2021. Mzazi mmoja wa Moscow, mwenye watoto wawili, alitambuliwa kisheria kuwa mwanamke, kisha mahakama ya huko ikamzuia kuonana na watoto hao. Strasbourg ilitafuta ushahidi wa madhara yaliyowapata watoto, haikuuona. Iliona tu kwamba hali ya mzazi ya kubadili jinsia ndiyo iliyoamua kila kitu. Kwa hiyo ikasema kuwa Urusi ilivunja haki ya maisha ya familia, na ikabagua. Urusi ilitoka katika mkataba huo mwezi wa Septemba, 2022, na mwezi wa Julai, 2023 ikapitisha sheria ya kupiga marufuku kabisa kubadili jinsia, kuzivunja ndoa ambamo mmoja amebadili, na kuwanyima watu hao ruhusa ya kulea watoto wa kupanga.

Askari polisi anayesoma kesi hizo mbili ataiona tofauti upesi, kwa kuwa ni tofauti iliyo katika kazi yake ya kila siku. Kule Hispania walichunguza kwanza, kisha wakaamua. Kule Urusi waliamua kwanza. Tuhuma si ushahidi, na mshangao wa mtazamaji si tuhuma.

BARA LETU NALO

Asije mtu akadhani kwamba maswali haya hayana makao Afrika. Afrika ya Kusini ilitunga sheria mwaka 2003 ya kuruhusu watu waliobadili jinsia warekebishe daftari. Lakini wizara ya mambo ya ndani ya huko iliwaambia baadhi ya wanandoa kwamba hawana budi kuachana kwanza. Katika daftari la wanandoa wengine, ndoa yenyewe ilifutwa, kana kwamba haikuwahi kufungwa. Mwezi wa Septemba, 2017 Mahakama Kuu ya Western Cape ilisema huo si utaratibu wa sheria: mtu hawezi kulazimishwa kuchagua kati ya hati yake na ndoa yake, wala karani hana uwezo wa kuvunja ndoa kwa kufuta mstari.

Karibu nasi zaidi, twaijua mila ya Wanandi wa Kenya, ambayo kwayo mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine ili apate warithi. Wakurya walio Tanzania na Kenya wanayo mila ya jamii hiyo, na upande wa Tanzania huitwa nyumba ntobhu. Hiyo si ndoa ya mapenzi kati ya wawili hao, wala yule mzee hakubadili jinsia kwa maana tuliyoieleza. Lakini kwa Wanandi, tangu siku hiyo huhesabiwa kuwa mume. Watoto wanaozaliwa ni wake, na humrithi kama wamrithivyo baba. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya huko Mombasa ilipelekewa mgogoro wa mirathi ya mwanamke mmoja wa Kinandi aliyekuwa ameoa hivyo. Ikaitambua ndoa hiyo, na mke na watoto wakapewa haki yao mbele ya jamaa wa damu wa marehemu.

Waswahili husema kitanda hakizai haramu. Maana yake ni kwamba jamii haikwenda kupekua damu ya mtoto usiku wa manane, ilimtazama aliyetoa mahari, aliyejenga nyumba, aliyempa mtoto jina, ikasema, "Huyu ndiye." Kwa hiyo mila za kwetu na majaji wa London walilikabili jambo moja: kwamba kuna uzazi wa mwili, kuna uzazi wa sheria, na kuna uzazi wa malezi. Mara nyingi vitatu hivyo hukaa katika mtu mmoja, nasi hatuhangaiki. Vinapoachana ndipo hekima ya taifa hupimwa.

WAJIBU WETU

Sasa tuurudie wajibu wa wenye sare. Sisi hatutungi sheria, wala si kazi ya mpiganaji kuzikosoa mahakama za nchi nyingine akiwa zamuni. Lakini yapo mambo ambayo sheria zetu wenyewe zimekwisha kutuamuru. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 34, inasema kwamba watoto wana haki ya kuwajua wazazi wao na kutunzwa nao, au na wale waliopewa na sheria haki ya kuwalea. Ibara ya 24 inakataza mtu yeyote kutendewa kwa namna ya kumdhalilisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unataka kila mtoto aandikishwe mara azaliwapo, na unaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila uamuzi.

Basi fikiri umesimama zamu, na mbele yako amefika mgeni mwenye ndevu, amemshika mtoto mkono. Pasipoti yake yasema ni mwanamume. Cheti cha mtoto chataja jina lile lile, lakini katika safu ya mama. Kijana asiyejua ataona amemkamata mwizi wa watoto. Ataita wenzake, watacheka, watamtenga mtoto kando, naye mtoto ataanza kulia katika nchi asiyoijua. Yule aliyesoma atajua kwamba katika nchi fulani hati hizo mbili zaweza kuwa halali zote. Atakagua mihuri, atauliza maswali kwa sauti ya chini, atamwarifu mkubwa wake, na ikibidi ubalozi utaulizwa. Pakiwapo dalili ya kweli kwamba mtoto ameibwa, atachukua hatua bila kusita, kwa kuwa wauza watoto wapo na hati za kughushi zipo. Sheria za nchi yetu zitabaki vilevile, lakini hatakuwa amemtoa machozi mtoto bure.

Hali kadhalika kwa wenzetu wa kitengo cha kulinda watoto na familia katika polisi. Mzazi anapokuja kituoni kulalamika kwamba mwenzake amebadilika, kwa hiyo asimwone mtoto tena, swali la kwanza lisiwe "amekuwa nani?" Liwe "mtoto amepatwa na nini?" Kama amepigwa, ameachwa na njaa, au ametishwa, sheria iko wazi kwa mzazi wa namna yoyote. Kama hakupatwa na lolote, wa kuamua ni mahakama, siyo kaunta ya kituo.

Na kwa wapiganaji wote, tuna ombi moja dogo. Wiki hii nenda kwa karani wako ukaombe faili lako. Tazama nani ameandikwa baba wa watoto wako, nani mama, nani mlezi. Kama dada yako ndiye anayewalea, aandikwe mlezi, na barua ya mamlaka za kijiji iambatishwe. Kama mtoto hana cheti cha kuzaliwa, kitafute sasa, ungali hai na una miguu ya kukifuata.

Yule binti wa koplo alipata haki yake hatimaye, baada ya shangazi kusimama mbele ya hakimu na kueleza, bila kujificha, kwamba hakumzaa. Hakimu alimwuliza kama aliwahi kumwambia mtoto hivyo. Alijibu kwamba mtoto alijua siku zote, ila hakuwa na neno jingine la kumwita. Siku hiyo faili likarekebishwa: aliyezaa akaandikwa mahali pake, aliyelea akaandikwa mahali pake. Walipotoka nje tulimsikia mtoto akiuliza kama sasa itambidi amwite shangazi. Mama yule akamwambia, "Karatasi ni ya serikali, mwanangu. Wewe niite kama ulivyozoea."